Mungu Akichelewa Njiani

Udongo mkavu ukinyweshwa maji una harufu yake. Wengi mnaijua kwa mvua ya kwanza, ile inayopiga vumbi mpaka mtu unatamani kulamba ardhi. Mimi naijua zaidi kwa mtungi. Juzi Baba ameniletea mtungi wa marehemu bibi yangu, kaufungia kwenye gunia nyuma ya bodaboda, kutoka Katumba mpaka hapa Mpanda mjini ninakoshona nguo. Nilipoumiminia maji ya kwanza, ule udongo ukapumua. Nikabaki nimechutama pale na ndoo mkononi, na mteja ananisubiri na gauni lake.

Nikaingiza mkono, nikapapasa shingo kwa ndani. Alama bado ipo. Ni mchirizi wa msumari, umepinda upande mmoja, maana aliyeuchora alikuwa mtoto na alikuwa anaogopa kuonekana. Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa natafuta kujua Mungu analala wapi, na nilikuwa na sababu ya haraka ya kutaka kujua.

Bibi yangu, mama yake Baba, tulimwita Nyogokuru. Ndivyo Warundi wanavyomwita bibi. Alifika Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa mama kijana, amekimbia vita vya kwao kwa miguu, Baba yuko mgongoni. Alikuwa mfupi, anatembea kama mtu aliyeitwa, na hakuwahi kukosa kanisani. Lakini alikuwa na jambo lake moja la kila jioni ambalo kanisani halikufundishwa. Vyombo vikishaoshwa, hakuna aliyeruhusiwa kumaliza maji ya mtungini. Hata kama kisimani pampu ilikuwa imekatika na sisi wenyewe tuna kiu, yale maji ya mwisho yalikuwa ya Imana. Imana ndilo jina la Mungu kwa Kirundi. Nyogokuru aliyafunika kwa sahani ya bati, juu ya sahani akalaza kata ya kibuyu, mpini umeelekea mlangoni ili mtu akiingia gizani asipapase.

"Akija asikute mtungi mkavu," alisema.

Hapo hakukuwa na shida. Shida ilikuja na msemo wake mwingine, ambao aliutoa kila akifurahi. Wazee wa kwao walisema kwamba Mungu hushinda kwingine, lakini kulala hulala Burundi. Aliusema kwa maringo, kama watu wanavyotaja timu yao.

Mimi mtoto nikauchukua msemo ule mzima mzima, kama ulivyo. Nikamchorea Mungu safari zake. Asubuhi yuko sokoni Mpanda. Jua likipanda anapita Mwamkulu kuangalia mpunga. Mchana yuko Inyonga, anatembelea mizinga ya nyuki porini. Jua likianza kushuka anageuka, mwendo wa haraka, kama mtu anayewahi treni, mpaka Burundi kitandani kwake. Kwa hiyo usiku, huku kwetu, hakuna Mungu. Nikaelewa hapo hapo kwa nini fisi hutembea usiku.

Lakini kuna kitu hakikukaa sawa, na mimi kitu kisipokaa sawa siwezi kula.

"Nyogokuru, kama Imana analala Burundi, hapa tunamwekea maji ya nini?"

Alikuwa anachambua maharage. Akachambua mengine kwanza.

"Na siku akichelewa njiani?" akasema. "Giza likimkutia hapa?"

"Anaweza kuchelewa?"

"Mbona sisi tulichelewa."

Sikumuelewa, lakini nilipenda kuwa na Mungu anayeweza kuchelewa. Nilikuwa mtu wa kuchelewa shule.

Mwaka ule ndio wakubwa walianza kuulizwa swali na serikali: nani anarudi Burundi, nani anabaki awe Mtanzania. Likajaa hewani kama moshi wa tanuru la tumbaku. Visimani hilo, kanisani hilo. Rafiki yangu Kabula, binti wa Wasukuma waliokuwa na ng'ombe ng'ambo ya kijito, alilichukua kwa upande wake.

"Nyie Warundi mnaondoka lini?" akaniuliza tukitoka shule.

"Mimi siondoki. Mimi nimezaliwa hapa."

"Mkiondoka, yule jogoo wenu mwekundu mtuachie."

"Na nyie mkihama na ng'ombe zenu, mtuachie ile ndama yenye doa."

"Ile haiachwi," akasema Kabula. "Wewe nitakuachia mdogo wangu. Analia sana."

Tukacheka. Nyumbani lakini hawakucheka. Baba alikuwa ameshaamua kubaki. Alimwambia mama yake wakiwa wamekaa nje, mimi niko nyuma ya mlango na bakuli la mihogo.

"Mama, mimi huko sikujui hata kwa ndoto. Shamba langu liko hapa. Watoto wako hapa."

"Wewe ulikuja mgongoni," Nyogokuru akamjibu. "Aliyekuja kwa miguu anakumbuka njia."

"Kwa hiyo unarudi?"

"Niende nikaone kwanza. Dada yangu yuko hai. Nikikuta bado ndiko nyumbani, nitakaa huko mpaka wanizike. Nikikuta si nyumbani tena, mtaniona."

Nilimuona Baba anafuta viganja kwenye suruali, na viganja vilikuwa vikavu.

Mimi nikaona naelewa kuliko wote. Kwangu haikuwa habari ya dada wala shamba. Nyogokuru anakwenda kuangalia kama Imana bado analala kule. Akimkuta, harudi. Asipomkuta, anarudi. Mtu ambaye mimi hulala mgongoni kwake, anayenifunga kanga kichwani nikiumwa, kurudi kwake kunategemea Mungu amelala wapi. Basi kazi yangu ni moja, kumfanya Mungu alale Katumba.

Aliondoka kiangazi, mahindi yakiwa yameshapukuchuliwa, pamoja na binamu yake mmoja aliyejua njia ya mabasi ya Kigoma. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Kabla ya kutoka akanishika kidevu.

"Maji nimekuachia wewe."

"Nikisahau?"

"Hutasahau. Wewe ni mbishi."

Jioni ile niliosha mtungi mpaka Mama akauliza kama naubatiza. Nikachota maji safi, nikajaza mpaka kwenye shingo, si yale ya chini kama desturi, maana nilitaka mgeni akae. Nikachukua msumari wa Baba, nikakwaruza alama pale maji yalipofika. Asubuhi nikafunua sahani kabla sijanawa uso. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Kidogo, kama unene wa kidole, lakini yameshuka.

Jamani, sijui niwaelezeje. Nilisimama pale nikatazama mlango, nikatazama kata, nikaona nyumba yetu ya tofali za udongo imekuwa kubwa. Alikuwepo. Alikunywa, akarudisha kata mahali pake, mpini umeelekea mlangoni. Mtu mwenye adabu.

Nikamwambia Kabula. Kabula haamini kitu bila kukigusa.

"Ni panya," akasema.

"Kuna sahani juu."

"Panya anasukuma sahani. Wetu anafungua mpaka kibuyu cha maziwa."

Tukaweka jiwe juu ya sahani. Asubuhi jiwe liko palepale, maji yameshuka. Kabula alikuja kabla ya kwenda kisimani, akaingiza kidole mwenyewe, akakitoa, akakitazama kwa muda.

"Basi ana kiu kweli," akasema. "Kazi zake nyingi."

Siku zikaenda hivyo. Kila jioni najaza, kila asubuhi maji yako chini ya alama, na kila yakishuka nilihesabu kwamba kule Burundi kitanda kiko kitupu. Habari ilifika mara moja tu, kupitia mtu wa binamu yake, kwamba amefika salama na dada yake amempokea vizuri. Baba akasema asante Mungu. Mimi nikawaza, vizuri kiasi gani.

Kisha mvua ikaanza. Wote walifurahi, Baba akatoka na jembe akiimba. Mimi nikaamka, nikafunua sahani, na maji yalikuwa palepale kwenye alama. Nikasema labda jana alipita kwa jirani. Kesho yake palepale. Keshokutwa vilevile. Mtungi umejaa mpaka shingoni, umetulia, haujaguswa. Nikafunika, nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, nikalia kilio cha kujificha. Imana amerudi kwake. Nyogokuru sasa hivi amemkuta.

Jumapili nikamsubiri Mwalimu Debora, aliyetufundisha Sande skuli. Alikuwa dada mpole, ana sauti ya kwaya hata akiomba chaki.

"Mwalimu, Mungu akiacha kulala kwenu, anarudishwaje?"

"Nani amekwambia Mungu analala?" Akainama mpaka tukawa macho kwa macho. "Neno linasema anayetulinda halali wala hasinzii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikamuonea huruma Mungu. Baba akikesha zamu moja tu kwenye tanuru la tumbaku hurudi macho mekundu. "Na maji je? Nyogokuru anamwekea maji."

Mwalimu Debora akatabasamu, lakini lile la kurekebisha mtu. "Hayo ni mambo ya wazee wa zamani, Odeta. Mungu ni roho, hana koo. Anywe kwa nini?"

Sikubisha, alikuwa mwalimu. Ila njiani nikawa nawaza: mbona Ibrahimu, yeye mwenyewe Mwalimu Debora ndiye aliyetusimulia, aliona wageni watatu wamesimama wakati wa jua kali, na jambo la kwanza akasema yaletwe maji? Na wale wageni si ndiye Mungu mwenyewe? Walikuja na koo za nani?

Kwa Kabula hapakuwa na shida hata chembe. Alikuwa amejikinga mvua na gunia kichwani, anaswaga ndama.

"Hanywi tena," nikamwambia. "Ameondoka."

"Ameondoka wapi? Mvua inanyesha kila mahali, dunia nzima imelowa, atakunywa yako ya nini? Hata ng'ombe masika hawaendi kisimani."

Nikamtazama. Sijawahi kusikia mahubiri mazuri kuliko yale. Lakini nilikuwa na mashaka, maana Kabula alikuwa anataka tucheze.

Niliendelea kuweka. Sikuwa na imani sana, nawaambia ukweli, niliweka kwa ubishi tu. Yeye mwenyewe alisema mimi ni mbishi.

Ilikuwa jioni ya mvua ile ndefu isiyo na radi. Mama yuko jikoni anapuliza kuni zilizolowa, Baba amekwenda kufungua mfereji shambani. Nimemaliza kujaza, nimeweka sahani, ninalaza kata. Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu mfupi amejifunika nailoni, kitenge kimeganda miguuni, begi kichwani, anatembea kama aliyeitwa. Hakusema hodi. Akaweka begi chini, akaja moja kwa moja kwenye mtungi, akachuchumaa.

"Haya maji ya nani?" akauliza Nyogokuru.

Nilitaka kumrukia, nikashindwa hata kusogea. Nikajibu swali.

"Ya Imana. Lakini kunywa tu, siku hizi hana kiu. Sababu ya mvua."

Akanitazama. Akachukua kata, akanywa. Akachota tena. Mtu ametembea ndani ya mvua tangu kituo cha basi, amelowa mpaka mifupa, lakini kumbe kulowa na kunywa ni vitu viwili. Alikunywa na kupumzika, akanywa na kupumzika, na mimi nikawa naangalia alama yangu inavyobaki juu peke yake, maji yanashuka, yanashuka mbali kuliko asubuhi zote.

Baba aliingia na jembe bado begani. "Mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesemea wapi? Simu yako ni ya kuangalizia saa."

Tulikaa jikoni karibu na moto, naye akila ugali wa mhogo na dagaa, na Baba hakuuliza, alisubiri. Mimi sikuweza kusubiri.

"Ulimkuta analala kule?"

"Nani?"

"Imana."

Mama akataka kuninyamazisha, Nyogokuru akainua mkono.

"Nilifika," akasema, na aliusemea moto zaidi kuliko sisi. "Mlima upo. Kijito kipo, kimekuwa chembamba. Dada yangu akanikumbatia mpaka kanga ikamdondoka. Tukalia, tukacheka. Halafu akamwita mjukuu wake, akamwambia, mletee mgeni maji anawe."

Akatafuna kidogo.

"Nikanawa. Kesho yake nikashika ndoo, wakaninyang'anya. Mgeni hachoti maji. Nikashika jembe, wakacheka. Walinitunza, msiseme hawakunitunza. Nimekalishwa kwenye kiti kimoja mpaka kiti kimenijua. Mlima niliozaliwa mimi, naletewa maji. Hapa tangu nimefika na huyu mgongoni, nani aliwahi kuniletea maji?"

"Mimi," nikasema. "Leo."

"Wewe hukuniwekea mimi. Uliweka ya Imana, mimi nimeingia nikaiba." Akacheka, meno yake yale machache. "Mgeni hupewa. Anayejichotea bila kuomba, huyo ndiye wa nyumbani."

Baba aliinamisha kichwa, akawa anasukuma kuni ndani ambazo hazikuhitaji kusukumwa.

"Lakini ulimkuta?" nikasema tena. Nimewaambia, kitu kisipokaa sawa.

Nyogokuru akafikiri kweli kweli, kama mtu anayerudia safari nzima kichwani, basi kwa basi.

"Sikumkuta," akasema. "Labda tulipishana njiani."

Akaosha mikono. Akasimama, akajifunika ile nailoni yake, akachukua ndoo. Mama akamwambia, pumzika, mtoto atachota. Akatoka mwenyewe kwenye mvua mpaka chini ya ukingo wa bati tulikokinga maji kwa pipa. Akarudi, akaweka maji mtungini, yale ya chini tu kama desturi, si kwa fujo kama nilivyokuwa naweka mimi. Akafunika. Akageuzia mpini mlangoni.

Hakuondoka tena. Mwaka huu tumemzika Katumba, kama alivyosema watu huzikwa nyumbani, na kwaya aliyoimbia ndiyo iliyomuimbia.

Nilipofika darasa la sita mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba mtungi wa udongo hutoka jasho. Maji hupenya polepole, hewa kavu huyachukua, ndiyo maana yaliyobaki huwa baridi, na wakati wa mvua hewa imeshiba haichukui kitu. Kabula, ambaye tulikaa dawati moja, alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikaumia. Nilifurahi kujua. Nilikaa nikisubiri kuhuzunika, huzuni haikuja. Kwani aliyesema nimwekee maji alisema nitazame kama yamepungua? Alisema tu asije akakuta pakavu.

Mimi si mtu wa elimu kubwa ya dini. Ninasikiliza tu nikiwa kwenye benchi la kanisani, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Siku moja ikasomwa habari ya yule mama Msamaria kisimani. Anauliza, baba zetu waliabudu katika mlima huu, nyie mnasema ni kule Yerusalemu, ni wapi sasa? Nikacheka peke yangu, jirani akanigeukia. Lilikuwa swali langu lile lile, mtu mzima analiuliza. Na aliyeulizwa, kabla ya kujibu kwamba si huku wala si kule, alikuwa ameanza yeye kuomba: nipe maji ninywe. Mimi nilidhani watu ndio wenye kiu. Kumbe tangu kwa Ibrahimu ni yeye anayefika kwenye nyumba za watu akiwa amechoka, halafu wengine tunamwambia hana koo.

Jana jioni Kabula alipita kuchukua sare za watoto wake. Akaona mtungi pembeni ya cherehani, sahani juu, kata juu ya sahani.

"Bado tu, Mrundi wewe?"

"Bado, Msukuma."

Alipokuwa anatoka, akarudi hatua, akaugeuza mpini wa kata uelekee mlangoni. Nilikuwa nimeuweka vibaya.

Asubuhi hii nimefunua. Yameshuka, unene wa kidole. Ni kiangazi, najua sababu. Nimeingiza kidole hata hivyo.